Nilimsifu kwa Kunyamaza

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa msaidizi wa mifugo. Nimesimama kwenye majosho ya Tarime na ya Serengeti, nimechanja, nimezalisha ng'ombe walioshindwa kuzaa wenyewe. Watu walinisifu kwa jambo moja. Niliweza kusimama kwenye lango la zizi asubuhi, ng'ombe wakiwa bado wamelala, na kumnyooshea kidole aliye mgonjwa kabla mwenye zizi hajajua. Hapakuwa na uganga wowote. Ng'ombe mgonjwa husimama kando ya wenzake. Masikio yanalala. Manyoya yanakosa mng'ao. Hacheui. Ukimpiga kwa fimbo hageuki kukutazama.

Naanza na hili ili msomaji ajue kwamba macho nilikuwa nayo.

Mjukuu wangu alikuja kuishi nasi hapa Susuni, Tarime, akiwa na miaka tisa. Baba yake, mwanangu wa tatu, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyakunguru. Mama yake alitoka upande wa Kahama, akaja kuwapikia wachimbaji chakula, na huko ndiko walikokutana. Ndoa ilikuwa halali kwa mila zetu: ng'ombe tulipeleka kwao, nami nilikuwa mmoja wa waliowaswaga. Walipozaa mtoto wa kiume nilichinja mbuzi. Wakaja kuzaa na wa kike. Halafu wakashindwana. Sababu zao sizijui zote na sitazibuni hapa. Mama akaamua kurudi kwao na watoto wake wawili.

Nikaenda Nyakunguru na ndugu zangu wawili kumzuia. Nilikuta ameshafunga mizigo yake kwenye mifuko ya sandarusi. Kwetu mkwe na mkamwana hawasogeleani wala hawatazamani usoni, kwa hiyo nilisema nikiangalia jiko lake lililozimwa.

"Mtoto ni wa ng'ombe, mama. Ng'ombe wetu walikuja kwenu, watoto wanabaki kwetu. Huyu mdogo bado ananyonya, nenda naye. Huyu mkubwa tunaondoka naye."

"Baba, huyu hajawahi kulala mbali na mimi hata siku moja."

"Atazoea."

Sikupandisha sauti. Ndugu zangu walinisifu njiani kwamba niliongea kwa heshima.

Kabla ya hapo mtoto huyu alikuwa akija kwetu na mama yake wakati wa likizo, na tulikuwa watani wakubwa. Kwetu babu na mjukuu ni rika moja kwa utani. Baba humwogopi, lakini unamheshimu. Babu unamchokoza utakavyo. Alikuwa akiamka, hajanawa uso, anakuja kusimama mbele ya kiti changu.

"Mzee, mke wangu amekupa uji wangu tena?"

"Mke gani, wewe usiye na hata ndevu moja?"

"Ndevu unazo wewe, meno ninayo mimi. Bibi, chagua!"

Mke wangu anajibu kutoka jikoni, "Niacheni wote wawili, hakuna aliyemaliza mahari yangu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu ya asubuhi. Alikuwa pia na kipaji cha kufinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Aliwapa pembe ndefu kupita kiasi, na kila mmoja jina, na wengine aliwaleta kwangu nimwambie wana ugonjwa gani.

Basi nilipomleta safari hii, ya kukaa, alilia. Alilia mchana na akalia akila. Mke wangu alitaka kumbeba mgongoni mtoto wa miaka tisa. Nikamkataza.

"Ndama ukimtenga na mama yake hulia siku tatu," nikamwambia. "Ya nne anakula majani."

"Kwani huyu ana mkia?" akanijibu.

Nilicheka. Lakini sikuwa natania. Nilikuwa nimetenga ndama wengi sana maishani mwangu na nilijua kazi inavyofanywa. Kosa kubwa la wafugaji wetu wengi ni kumtenga ndama huku wakimwacha ng'ombe mama zizi la jirani. Kila mama akilia, ndama anaanza upya. Anakonda bure. Ukitaka kumtenga vizuri mpeleke mama mbali, ndama asisikie sauti yake kabisa. Hilo nimelifundisha mara nyingi kwenye mikutano ya vijiji.

Mama yake alipiga simu Jumamosi ya kwanza. Nikampa mtoto simu, wakaongea. Baada ya hapo alilia jioni nzima na chakula hakugusa. Jumamosi ya pili simu ilipoita, nilitoka nayo nje.

"Shikamoo baba. Naomba kuongea na mtoto."

"Marahaba. Yuko machungani."

Hakuwa machungani. Alikuwa ndani, anakunja shuka lake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na nilisema maneno hayohayo kwa miaka mitatu. Wakati mwingine nilisema yuko shule, au amelala. Lakini zaidi nilisema yuko machungani, kwa sababu machungani hakuna anayeweza kumwita mtoto aje kwenye simu. Mtoto aliponiuliza, nilimwambia mama yake ana kazi nyingi, atapiga. Baadaye akaacha kuniuliza. Mwaka wa kwanza mama huyo alisafiri kuja kumwona. Alikuwa amenitaarifu, kwa adabu, siku moja kabla. Nikampeleka mtoto kwa shangazi yake Serengeti alfajiri hiyohiyo, na mama nikampokea langoni, nikamwambia amechelewa kidogo tu. Mke wangu alimpa chai.

Kilio hakikuisha siku ya tatu. Kiliisha kama baada ya wiki mbili. Asubuhi moja niliamka nikasikia kimya, nikatoka, nikamkuta ameketi kwenye kizingiti, amenawa, amevaa sare za shule.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu.

Nilianza kumsifu. Wageni wakija, wajukuu wengine wakipiga kelele uani, nilimwonyesha yeye. "Mtazameni mwenzenu. Hamsikii sauti yake. Huyo ndiye mtoto." Aliamkia, alileta maji ya kunawa, alirudi kukaa. Kiti nilichokuwa nikichokozwa nimekikalia asubuhi sasa kilikuwa na amani. Siku moja nilijaribu mwenyewe kuanza utani. Nikamwita mura, yaani kijana kwa lugha yetu: "Mura, leo uji wako nimekunywa mimi, na mke wako ndiye aliyenipa." Akaniangalia. "Sawa, babu," akasema, akachukua mkoba wake.

Nikadhani anakua.

Kuna mengine niliyoyaona na kila moja nililipa jina lake. Asubuhi za shule tumbo lilimuuma. Nikasema minyoo, akapewa dawa kwenye zahanati mara mbili. Alilala sana mchana. Nikasema ni urefu unaingia. Ng'ombe wa udongo walikoma. Nikasema mambo ya kitoto yamemtoka. Siku moja alimpiga binamu yake kwa sababu ya kijiko, alimpiga mpaka tukamshika wawili, nami nikasema, "Sasa damu ya Kikurya imeamka," tukacheka. Siku nyingine ng'ombe waliingia shamba la mahindi la jirani huku yeye ameketi juu ya jiwe akiwaangalia. Nilimchapa fimbo. Hakukimbia. Hakuinua hata mkono kujikinga. Alisimama tu, akangoja nimalize. Nilirudi nyumbani na fimbo yangu nikiona kwamba nimefanya malezi.

Akiwa darasa la sita, mwalimu wake alikuja nyumbani. Alikuwa binti mgeni wa huku, ajira mpya, viatu vyake vimejaa tope la njia yetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, baba. Ndicho kilichonileta."

Nilidhani anatania. Akaniambia kwamba mjukuu wangu alipoanza shule yetu alikuwa miongoni mwa watano bora. Sasa akipewa zoezi anaandika tarehe, anaishia hapo. Wakati wa mapumziko anabaki darasani. Wenzake waliacha kumwita kwenye mpira kwa sababu haji.

"Ametulia," nikasema. "Ni mtoto mwenye adabu."

"Baba, mtoto wa miaka kumi na miwili hatulii hivyo. Kuna watoto wanaumwa ndani, hawajui kusema. Mngempeleka hospitali aongee na mtu."

"Hospitali, akaseme anaumwa wapi?"

Aliinamisha macho kwenye viatu vyake vyenye tope. Nami nikatumia nafasi hiyo.

"Mwalimu, mwaka huu anaingia tohara. Wazee wa mila wameshatangaza. Akitoka kule utamwona mtu mwingine. Nyie mnaokuja huku hamjui dawa zetu."

"Sawa, baba."

Nilimsindikiza hadi njia kuu, nikampa na mkungu mdogo wa ndizi. Nilirudi nikijihisi mshindi.

Sitaieleza tohara yetu kwa kirefu, kuna mambo hayaandikwi. Inatosha kusema kwamba kijana husimama mbele ya watu, na kwamba anayetikisika, hata kope, hubeba aibu hiyo mpaka uzeeni. Kuna mzee wa rika langu, ana wajukuu ishirini, na bado tukigombana kwenye mkutano mtu anamwambia, "Wewe nyamaza, tulikuona siku ile." Kwa hiyo babu yeyote anayempeleka mjukuu hulala na wasiwasi. Mimi nililala nao. Mtoto aliyekuwa analala mchana na kuumwa tumbo, atasimama?

Alisimama. Nimewaona wanaume wengi pale, wapo waliouma meno, wapo waliokaza macho kwenye kilima mpaka machozi yakawatoka wenyewe. Yeye hakukaza kitu. Uso wake ulikuwa vilevile kama anaposubiri maji yachemke. Hata ngariba alimtazama mara mbili. Halafu watu wakalipuka. Baba yake, aliyefika kutoka Nyakunguru na vumbi la mashimo kwenye nywele, alimzawadia mtamba mbele ya wote. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi, mzee wa magoti mabovu, niliruka na fimbo yangu hewani. "Mwanaume! Mmemwona? Huyo ni wangu!"

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, kundi likiimba, nilisogea karibu naye nikamuuliza kama babu anavyomuuliza mjukuu.

"Mura, niambie. Pale uliwaza nini?"

"Sikuwaza kitu, babu."

"Hukuogopa?"

Akatembea hatua kadhaa.

"Niliona hata wakikata shingo ni sawa tu."

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa furaha, nikawageukia wazee wenzangu nikapaza sauti: "Mmesikia? Anasema hata shingo wangekata!" Wakapiga kelele za shangwe. Maneno yale yalizunguka kijiji siku ile. Watu waliyarudia kwenye pombe na kwenye nyama. Kila aliyenipa mkono aliyasema. Mtoto alikuwa anatembea katikati yetu, uso umepakwa unga mweupe, na kila maneno yake yaliporudiwa alitazama chini.

Nimeyafikiri maneno yale kuliko yote niliyosikia maishani. Alikuwa ameniambia. Aliniambia kwa Kiswahili chepesi, mchana kweupe, nilipomuuliza mwenyewe.

Wiki za kupona ndizo vijana wetu huzifurahia kuliko zote. Wanatembea makundi, wanakula kila nyumba, wananenepa. Wenzake walikuja kumchukua siku ya kwanza, wakaja ya pili. Alilala amegeukia ukuta. Nyama aliyopikiwa ililiwa na wajukuu wadogo. Kidonda kikawa kizito kupona, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana.

Asubuhi moja mke wangu alinishika mkono. Si kawaida yake. Akanipeleka mpaka kona ya nyumba, mahali tunapoweza kuona uani.

"Wewe msaidizi wa mifugo," akasema. "Tazama."

Alikuwa amesimama peke yake kwenye ua wa minyaa. Mabega yameshuka. Ngozi imepauka kama ya mtu aliyepakwa majivu. Watoto wadogo walikuwa wanapita mbele yake wakikimbizana na macho yake hayakuwafuata.

"Angekuwa ng'ombe ungesemaje?"

Nilijifanya natazama minyaa.

"Sema, mzee. Miaka thelathini umewasemea watu ng'ombe wao."

"Ningesema anaumwa."

"Tangu lini?"

Akaingia ndani akaleta koti langu. "Bodaboda ziko barabarani," akasema.

Hospitali mjini Tarime tulipokelewa na daktari wa kike, kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Alikitazama kidonda, akakisafisha, akasema kitapona. Nilitaka kuinuka. Daktari hakuinuka.

"Baba, mtoto amekuwa hivi kwa muda gani?"

"Hivi vipi?"

"Hivi," akasema, akamwelekeza kwa macho.

Hapo ndipo alipoanza kuniuliza maswali. Nilizoea kwamba ugonjwa unapimwa kwa damu au choo, na nikamwambia hivyo. Akaniambia kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye damu. Kipimo chake ni kuuliza, na majibu wanayo mtoto mwenyewe na watu wanaoishi naye. Analala vipi? Anaamka saa ngapi? Rafiki yake ni nani? Alikuwa anapenda kufanya nini, na aliacha lini? Anakasirika kwa vitu vidogo? Analalamika maumivu yasiyoonekana? Ni hivyo nyumbani tu au hata shule?

Ng'ombe wangu kila mmoja ningeweza kumwambia amezaa mara ngapi na amekula nini jana. Kuhusu mtoto nilisema "Sijui" mara ya kwanza, nikasema mara ya pili. La rafiki sikulijua. La usingizi nilisema angeulizwa bibi yake. La kupenda, ndipo nikawakumbuka ng'ombe wa udongo, nikasema aliacha zamani. "Zamani lini?" Nikahesabu. Ilikuwa mwezi uleule aliokuja kwetu.

Daktari aliandika. Kisha akaniomba nitoke, aongee na mtoto peke yake.

Nilikaa kwenye benchi karibu na mwanamke aliyekuwa ananyonyesha. Akanisalimia, akaniuliza nimemleta nani. Nikamwambia mjukuu, ametoka tohara, hakutikisika hata kidogo. Yaani hata hapo bado nilisema.

Waliniita baada ya muda mrefu. Mtoto alikuwa ameketi palepale, lakini mikono yake ilikuwa juu ya meza. Daktari aliniambia wamekubaliana na mtoto yapi aniambie. Akaniambia inaitwa sonona, na kwamba watoto nao huipata. Akasema mtu mzima mwenye huzuni unaweza kumwona analia, lakini mtoto huenda asilie kabisa. Atakuwa mkali, au ataumwa tumbo, au atashuka shuleni, au atanyamaza na watu wamwite mpole. Akaniambia pia kwamba amemuuliza wazi kama amewahi kutamani kufa, na amejibu ndiyo.

"Mama," nikamwambia daktari, "kumuuliza mtoto jambo kama hilo si kumtia wazo?"

"Hapana, baba. Wazo analo siku nyingi. Alikuwa hana wa kumwambia." Akamtazama mtoto kwanza. "Anasema wewe alikwambia. Siku ya tohara, njiani. Anasema ulicheka."

Kuna dirisha pale, linatazama uwanja wa kuegeshea pikipiki. Niliangalia pikipiki.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza.

"Kwao. Kahama."

"Anawasiliana na mtoto?"

Sasa nitaandika nilichosema, maana nimeahidi nafsi yangu kuandika yote. Baada ya hayo yote, nikiwa nimekaa mbele ya mtoto mwenyewe, nilisema: "Zamani alikuwa anapiga. Siku hizi hapigi."

Mtoto akainua uso. Kwa miezi mingi hakuwa amenitazama usoni.

"Jumamosi alipiga," akasema. Alikuwa anamwambia daktari, lakini macho yako kwangu. "Nilikuwa nimelala ndani. Babu akasema niko machungani. Mimi sijaenda machungani tangu nitahiriwe."

Hakuisema kwa hasira. Baadaye alinieleza kwamba alijua tangu mwaka ule wa kwanza. Kuta za nyumba yetu ni za udongo na mimi naongea na simu kwa sauti kubwa, kama wazee wote. Kila Jumamosi alinisikia. Jambo lililomla halikuwa kwamba mama hapigi. Alijua kwamba mama yake anaambiwa kila wiki kuwa mtoto hayupo, na aliamini siku moja mama atachoka na kusema huyu mtoto hanitaki.

Daktari aliweka kalamu mezani. Nilitegemea anikaripie. Ningependa angenikaripia.

"Baba, namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Basi tutoke nje, mtoto apumzike hapa na muuguzi."

Nilipiga nimesimama ukutani. Iliita mara mbili tu.

"Shikamoo baba," akasema. Na kabla sijaitikia akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Najua. Yuko machungani. Nilitaka tu kusikia kama hajambo."

"Hapana, mama. Yuko hapa. Tuko hospitali."

Nikasikia kitu kimeanguka upande wake, sufuria nafikiri. Nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia Jumamosi ile ya pili, na siku ya Serengeti pia. Nilimwambia kuwa nilimtenga mtoto kama ndama.

"Baba," akasema mwishowe, "mimi nilidhani amenichukia."

Siku ya tatu mama yake alishuka kwenye basi. Hakutaka kufika kwetu na sikumlaumu. Alifikia Nkende, hapohapo mjini Tarime, kwa mwanamke waliyekuwa wakipika pamoja zamani, na mimi na mke wangu tukampeleka mtoto huko, kwenye kibanda cha chakula pembeni mwa barabara. Mtoto alipomwona mama yake hakukimbia. Alisimama mbali kidogo, unga wa tohara bado usoni, kanga ya bibi yake mabegani, na mama naye akasimama na mwiko mkononi.

"Siku zote nilikuwa nyumbani," mtoto akamwambia.

Halafu akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama siku ile ya kwanza, kana kwamba kwa miaka mitatu kilio hakikuwahi kukoma. Watu waligeuka. Mwanaume mmoja aliyekuwa anakula akaona unga na kanga akajua kijana ametoka tohara. "We mura! Umetahiriwa juzi unalia kama mtoto?"

"Ni mtoto," nikamwambia. "Mwache alie. Mimi ndiye babu yake."

Akanitazama, akarudi kwenye ugali wake.

Aliondoka na mama yake baada ya kidonda kupona. Kabla ya hapo tulirudi kwa daktari mara kadhaa, wote wanne, na daktari akamwandikia barua ya kuendelea na matibabu huko anakokwenda. Alituonya kwamba kumrudisha kwa mama si dawa yote. Itachukua muda, zitakuwepo siku mbaya, asiachwe peke yake siku hizo, na asiambiwe awe mwanaume. Mwanangu alikasirika, akakaa miezi miwili bila kunipigia. Wazee wenzangu waliniita. Mmoja akaniuliza kama nimekuwa mzee wa kutoa bure watoto tuliowatolea ng'ombe. Nikasema ndiyo. Mtamba wake nimemtunza, ameshazaa.

Mwalimu nilimfuata shuleni kumwomba radhi. Alinipa kiti cha darasani, kidogo mno kwa magoti yangu, akanisikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi mimi ndiye ninayepiga, Jumapili jioni kabla ya ng'ombe kurudi. Mara ya kwanza mjukuu wangu alikubali kuongea nami alisema, "Ulinidanganya, babu," akarudia, sauti ikipanda, akanitajia Jumamosi moja moja, mpaka mama yake akachukua simu akaomba samahani kwa niaba yake. Nikamwambia asiombe. Baada ya hapo zimekuwepo Jumapili anaongea na Jumapili anakataa. Akikataa, mama yake hasemi yuko wapi. Anasema tu, "Leo hataki, baba." Nashukuru kwamba hanidanganyi.

Jumapili iliyopita alikataa. Mama yake aliweka simu mahali akaenda kuepua sufuria, akasahau kuikata. Nikasikia ndani ya nyumba ile mjukuu wangu anagombana na dada yake mdogo. Dada alikuwa amekanyaga kitu. "Umemvunja pembe!" anapiga kelele. "Umemvunja pembe, mjinga wewe, na alikuwa bado hajakauka!" Dada naye analia, anasema ng'ombe gani ana pembe ndefu hivyo. Naye anamjibu kwamba dada hajui ng'ombe, amwulize babu.

Mke wangu alikuja akaniuliza kuna nini, mbona nimeshika simu na siongei. Nikamwashiria anyamaze, nikamsogezea simu sikioni naye asikie. Tulisimama hivyo, vichwa vimegusana, mpaka salio likaisha.